Ama Jiwe Si Lako, Ama Mkojo Si Wako

3 Machi

Dada yangu,

Bado nasimama kwa miguu yangu miwili, ila upande wa kushoto wa kiuno umekuwa kama niliuazima kwa mtu na mwenyewe anautaka. Nakuandikia kwa sababu simu yangu iliniponyoka ikaanguka kwenye mkanda, na wenzangu wakaichambua kama taka nyingine kabla sijapiga kelele. Ya bwenini ipo, lakini inakaa mezani kwa msimamizi, naye anapenda maneno ya watu kuliko anavyopenda kula. Dereva wa lori atakufikishia hii.

Kazi ni ile ile. Malori yanamwaga taka za mji mzima juu ya mkanda, mkanda unatembea, na sisi tumejipanga pande zote mbili. Mimi ni mtu wa nyaya. Wa kushoto kwangu anaokota chupa, wa kulia makopo, mbele yuko wa vitambaa. Hatuchagui cha kutupa, Dada. Tunachagua cha kuokoa, na kisichookotwa kinaangukia shimoni. Jioni mwili wote unauma, ndiyo maana mwanzoni sikujua kama maumivu haya ni ya kazi au ni ya kitu kingine.

Sasa nimejua ni ya kitu kingine. Juzi nilikuwa chooni, nikashikwa na uchungu wa kunifanya nitake kuung'ata mlango, halafu kikatoka kijiwe. Jiwe kabisa, kutoka kwenye mwili wa binadamu, la njano kama nta, dogo kama punje ya mchele. Nikakiosha, nikampelekea nesi wa kliniki ya kampuni, nikidhani atanipa vidonge vya maumivu niende zangu. Akakifunga kwenye karatasi akasema kinakwenda maabara. Jana akanipa dumu. Dumu kubwa la plastiki, lenye mfuniko mwekundu. Anataka nilijaze mkojo wangu wote wa mchana na usiku, nisimwage hata tone, kisha nimrudishie.

Wote! Nani ana haja na mkojo wote wa mtu? Nimewahi kupimwa, walitaka kidogo tu kwenye kikopo. Na kuna jambo jingine. Aliyekuwa akiokota makopo kabla ya huyu wa sasa naye aliitwa kliniki. Akaenda akiwa na nguo za kazi, hakurudi mkandani. Begi lake lilifuatwa na mtu tusiyemjua. Tukaambiwa afya yake haikuruhusu. Alimwaga unga hivyo hivyo, bila kuaga.

Naona kuna kitu wananitafutia. Wewe ndiye unayeijua dunia, mimi shule niliiacha kabla haijanifikisha popote. Nifanye nini? Dumu liko chini ya kitanda, tupu, linanitazama.

Na mgongo wako? Msalimie shemeji.

Mdogo wako, mtu wa nyaya


15 Machi

Mdogo wangu,

Usiwape.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili shemeji yako asikie, naye akaacha kula. Anayetaka tone la mkojo anatafuta ugonjwa. Anayetaka dumu zima anatafuta sababu. Hao wanataka kujua umebakiza nguvu kiasi gani, wakutoe kabla hujawaugulia mikononi. Mimi nashona sare za watu wa viwandani. Nawapima viuno wakiwa wamesimama mbele yangu, na mtu anayepimwa kiuno husimulia mambo yake yote. Kliniki ya kampuni ni jicho la kampuni, basi.

Lakini usigome. Ukigoma watasema una la kuficha. Wape dumu limejaa, kwa adabu, na tabasamu juu yake. Sikusema liwe na mkojo wako. Katika bweni zima hakosekani mwanamume mwenye mkojo wa kujivunia. Chagua mwenye nguvu, asiyekunywa pombe, umwombe. Akianza kuuliza maswali mengi, achana naye tafuta mwingine.

Mgongo wangu ni wa cherehani. Mtu ukiinama tangu asubuhi unategemea nini? Najifunga kitambaa kiunoni, naweka chupa ya maji ya moto, kazi inaendelea. Leo nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, kwa kuwa kukaa kunanichosha. Mimi ni mzima.

Barua hii ukiisoma ichane.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Nilifanya ulivyosema. Nilimwendea huyu wa makopo, tunamwita Mapengo kwa sababu akicheka unaona mpaka kooni. Nikamwambia, "Nina shida ndogo, ndugu yangu."

"Kama ni hela, sina."

"Si hela. Ni mkojo."

Akauliza, "Wa kwako umekwisha?"

Nikamweleza. Akalipokea dumu kama mtu aliyekabidhiwa kombe la ubingwa. Siku nzima alikunywa maji, kila akitoka chooni anatutangazia kwamba siku hiyo yeye yuko kazini hata wakati wa mapumziko. Aliponirudishia akasema, "Mwambie daktari huu ni wa daraja la kwanza."

Basi majibu yamekuja, na yamenikalia vibaya.

Daktari ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni, hana haraka na neno lolote. Alikuwa na karatasi mbili mezani. Akasema, "Jiwe lako limetengenezwa na kitu kinaitwa sistini. Ni moja ya asidi amino, vile vipande vidogo ambavyo mwili hujengea nyama, nywele na kucha. Mtu anayetengeneza jiwe la aina hii, mkojo wake unakuwa umejaa sistini. Mkojo uliotuletea una chembe tu, kama wa mtu yeyote mzima. Vitu hivi viwili havikai kwenye mwili mmoja. Ama jiwe si lako, ama mkojo si wako."

Nikajifanya hamnazo. Nikamwambia mimi si mtu wa shule.

"Sikukuuliza shule," akasema.

Msimamizi ameshapata hadithi yake na anaitembeza bwenini. Anasema mtu anayeshinda kwenye taka hawezi kukosa kijiwe cha kuokota, kwamba nilikitafuta ili nipewe kazi nyepesi ya kufagia ua. Mimi, Dada! Nimeitwa ofisini mwisho wa mwezi huu. Nikisema jiwe si langu, mimi ni tapeli wa mawe. Nikisema mkojo si wangu, mimi ni tapeli wa mikojo. Mapengo hakai tena karibu nami wakati wa kula, anadhani nimemtaja. Mimi nadhani yeye ndiye aliyenitaja. Tunatazamana kwa pembe za macho kama wake wenza.

Ushauri wako ndio ulionifikisha hapa. Nipe na wa kunitoa.

Mdogo wako


13 Aprili

Mdogo wangu,

Kana. Sema ulikiona kijiwe chooni ukadhani ni chako kwa sababu ulikuwa unaumwa siku hiyo, na choo ni cha bweni zima. Mkojo uache ubaki kuwa wako. Ni mzuri, umeshasifiwa. Kwa nini uukatae?

Na huyo daktari anayekusemesha taratibu mwangalie sana. Mtu mwenye haraka anataka muda wako tu. Asiye na haraka anataka kitu kingine, na hajakuambia ni kipi.

Niliishia hapo juu siku ya Jumanne. Leo ni Ijumaa ndiyo naendelea. Kazi zilinibana. Shemeji yako ndiye aliyepeleka sare kwa wenyewe, nami nikabaki nyumbani. Ukiona mwandiko umepinda ni kalamu, imekuwa mbovu.

Usisaini karatasi yoyote.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Barua yako imenikuta nimeshafanya kinyume chake, na sijuti.

Nilikwenda ofisini nimejipanga kukana, hata kabla hujaniambia. Walikuwepo msimamizi, karani na daktari. Msimamizi akaanza, "Hilo jiwe ulinunua au uliokota?" Kabla sijafungua mdomo, ubavu wangu ukajibu. Uchungu ulinikamata nikateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, nikatapika juu ya viatu vya karani.

"Anaigiza," msimamizi akasema.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti, ananibonyeza kiunoni. "Maumivu yanaigizwa," akasema. "Rangi hii ya uso haiigizwi."

Nikasema nikiwa pale pale chini, "Mkojo si wangu. Ni wa Mapengo."

Alicheka, Dada. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka ikabaki inaning'inia. Halafu akaacha ghafla. "Umenipotezea mwezi mzima," akasema. "Na figo lako nalo limeupoteza."

Nikalazwa kliniki, nikajaza dumu jingine mbele ya macho ya nesi. Mkojo wangu mwenyewe ulikuwa umejaa sistini tele. Nikamwomba daktari anieleze, kwa kuwa nilichoka kuogopa kitu nisichokijua. Akachukua kalamu akanichorea. Sikiliza nilivyoelewa.

Mimi nilidhani figo ni chujio, kwamba linazuia kizuri na kuacha kibaya kipite. Sivyo. Figo linamwaga kwanza. Damu ikifika, karibu kila kitu kidogo kilichomo kinamwagwa, kizuri na kibaya pamoja, maji, chumvi, sukari, na hizo asidi amino, vyote vinaingia kwenye vijifereji vyembamba kuliko unywele. Halafu kwenye kuta za vijifereji hivyo wamejipanga wabebaji, kila mmoja na mzigo anaoujua, wanaokota kinachofaa na kukirudisha kwenye damu. Ni sisi wale, Dada! Lori linamwaga, sisi tunaokoa. Kwa mtu mzima, wabebaji wakishamaliza, asidi amino zinazobaki kwenye mkojo ni chembe za kutafuta. Hizo ndizo walizozikuta kwa Mapengo. Kweli ulikuwa wa daraja la kwanza.

Kwangu mimi mbebaji wa sistini ana kasoro tangu nizaliwe. Huyo huyo hubeba na asidi amino nyingine tatu, lakini hizo zisipookotwa huyeyuka kwenye mkojo na kwenda zao kimya. Sistini haiyeyuki vizuri. Inajikusanya ikawa chembe zenye pembe sita. Nimezitazama kwenye darubini, Dada, zimekaa kama nati za boliti. Zinashikana, zinakuwa jiwe. Siku nisipokuwepo mkandani, nyaya huangukia shimoni zikajisokota kwenye mashine ya huko chini mpaka ikazima. Figo langu la kushoto lilikuwa kwenye njia hiyo. Daktari anasema halijazima bado. Nimepewa vidonge vya kupunguza ukali wa mkojo. Nyama kidogo, chumvi kidogo, na maji, maji mpaka niyachukie, hata usiku niamke ninywe. Kazini wameniacha, ila nimepata jina jipya. Sasa naitwa Dumu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kwa haraka ni hiki. Kasoro hii sikuiokota popote. Baba alikuwa na nusu yake na mama alikuwa na nusu yake, na kwa kuwa kila mmoja ana nusu tu, hawakuumwa wala hawakujua. Mtoto akizirithi zote mbili ndiye anayeumwa. Kila mtoto wao yumo hatarini, mmoja kwa wanne. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nikasema ninaye dada. Akasema apimwe, asingoje.

Kwa hiyo nakuuliza. Mafigo yako yote mawili yako salama? Umewahi kuona kijiwe? Nenda ukapimwe damu, mkojo, na upigwe picha ya tumbo, kisha nitumie majibu yote nimpe daktari wangu huku. Fanya upesi.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Nani aliyekuandikisha barua ile? Mwandiko ni wako, maneno siyajui. Nimekulea tangu mama alipotuacha, na hujawahi hata siku moja kuuliza habari za ndani ya tumbo langu. Juzi tu ulikuwa unaogopa kutoa mkojo wako. Leo unataka damu yangu, na picha yangu, na "majibu yote", na "upesi".

Shemeji yako amenieleza mambo haya yanavyokwenda. Kwanza unaulizwa kama mafigo yako mawili yapo. Halafu unapimwa. Halafu unatumiwa nauli, unaambiwa njoo umwone mdogo wako. Unarudi umeshonwa ubavuni. Mimi ni fundi cherehani, mdogo wangu. Hakuna kinachoshonwa ambacho hakikukatwa kwanza.

Kama lako limeharibika, moyo unaniuma, nasema kweli. Lakini ungepita mlango wa mbele ukasema, Dada, naomba. Umenizunguka na hadithi ya mikanda na wabebaji. Kwa hiyo tumboni mwangu kuna watu wamejipanga wanachambua taka, na mmoja wao hakuja kazini? Ungemdanganya mtoto.

Sijawahi kuona kijiwe chochote. Mgongo wangu ni wa cherehani. Majibu yangu simpi mtu, na huyo daktari wako asiye na haraka mwambie nimemjua.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Dereva ananiambia alipokuletea barua ulimfungulia ukiwa umeushika ukuta, na aliyekuwa amekaa kwenye cherehani ni shemeji, anahangaika kushona mfuko. Nimemuuliza tena na tena, maana siku hizi na mimi simwamini mtu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Dumu, dada yako anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji ndani ya tumbo na hataki imwagike."

Mimi si mjinga kiasi hicho. Uliniandikia umesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunakuua. Barua moja ulianza Jumanne ukamaliza Ijumaa, ukasingizia kalamu. Kalamu hiyo hiyo Jumanne iliandika vizuri. Ulisema kazi zilikubana, halafu ukasema shemeji ndiye aliyetoka na sare. Mtu aliyebanwa na kazi hukaa nyumbani?

Unanishuku. Sawa. Kushuku ulinifundisha wewe, na mimi mwanafunzi wako nililishika somo, nikamdanganya mtu pekee aliyetaka kunitibu. Ningekuapia, lakini najua utasema tapeli ndiye anayeapa. Basi siapi. Nakuambia neno la kukuudhi, nalo ni la kweli.

Figo lako silitaki kwa sababu halifai.

Nilikwenda kwa daktari makusudi. Nikamuuliza, "Siku nikihitaji figo, dada yangu anaweza kunipa?" Akasema, "Kwanza tujue kama ni zima. Kama naye ana kasoro hii, hapana. Utakuwa umetoa mkanda usio na mtu wa nyaya, ukaweka mkanda mwingine usio na mtu wa nyaya." Aliniambia hivyo, kwa maneno ya kazi yetu, nilikuwa nimemzoesha.

Kwa hiyo kaa nalo. Hata ungeniletea kwenye sahani na kifuniko juu, ningekurudishia na sahani yako. Kwa dalili ninazoziona, ninaamini lako limeoza kuliko langu. Na majibu yako siyataki tena. Nenda kwa daktari wa huko huko, yeyote utakayemchagua, asiyenijua wala mimi kumjua, usinitumie hata nukta. Nitajua tu siku utakayoniandikia umekaa.

Ukikasirika, vizuri. Nakumbuka ukiwa na hasira ulikuwa unatembea mpaka tunakukimbilia.

Mdogo wako


13 Juni

Wewe,

Halifai? Limeoza? Nilikubeba mgongoni juu ya mafigo haya haya mpaka miguu yako ikawa inaburuzika chini, leo uniambie yameoza?

Kesho nakwenda hospitali. Si ya kampuni yoyote. Shemeji yako amesema nisiende, nimemwambia anyamaze, hii ni aibu ya ukoo wangu si ya kwake. Nitarudi na karatasi yenye mhuri inayosema mafigo yangu ni mazima, nitakutumia, na utaitafuna mbele ya huyo Mapengo wako.

Fundi


9 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa. Nimeegemea mito miwili na nesi amenikataza kuinama, lakini nimekaa.

Nilikwenda nimevimba kwa hasira kama ulivyotaka. Kwenye foleni nilikuwa napanga maneno ya kukuandikia, makali kuliko yale. Wakanipa kikopo. Nikaingia chooni, na sikufichi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama kama yuko mwanamke mwingine wa kumwomba. Alikuwepo, mjamzito, amejaa afya. Nikamwangalia, naye akaniangalia, akasema, "Dada, unapanga foleni au unapumzika?" Nikamwacha apite. Nikajaza mwenyewe.

Walipoleta picha nilidhani wamechanganya na ya mtu mwingine. Jiwe la kulia lilikuwa limelijaza figo lote, lina matawi kama mzizi wa tangawizi. Daktari, kijana mdogo tu, mwenye haraka, akaniuliza naumwa tangu lini. Nikasema mgongo wangu ni wa cherehani. Akasema, "Mama, cherehani haitoi mawe."

Basi nikamwambia, na wewe sasa nakuambia. Nilishaviona vijiwe, kabla yako. Vya njano, kama nta. Nikavitupa na maji nikanyamaza, kwa sababu niliona nikisema nitalazwa, na anayelazwa hupasuliwa. Uliponiandikia habari ya jiwe lako, nilijua ni la ukoo mmoja na yangu. Nikaona wakiukuta ugonjwa kwako, nitakuwa nao na mimi. Wakikukuta huna, mimi pia sina. Ndiyo maana nilikwambia utoe mkojo wa mtu mwingine. Nilikuwa najikinga mimi, mdogo wangu. Sikuwa nakukinga wewe.

Figo la kulia wamelitoa. Lilikuwa limebaki ganda. Daktari anasema ningekwenda mwaka jana wangeliokoa, hata mwanzoni mwa mwaka huu labda. Sikumuuliza labda ya kiasi gani. La kushoto lina vijiwe vidogo na bado linafanya kazi. Nimepewa vidonge kama vyako, na maji kama yako. Shemeji yako ananisimamia na jagi mkononi, nikipumua anamimina. Yeye aliyejua habari zote za nauli na kushonwa ubavuni, siku ya kupasuliwa alizimia mlangoni, wakamlaza kitanda cha jirani.

Sasa nikuambie jambo la mwisho, halafu tusilizungumze.

Kabla hawajanipeleka ndani nilimuuliza yule daktari mwenye haraka. Nikamwambia, nina mdogo wangu yuko mbali, ana maradhi haya haya. Hili la kushoto litakalobaki, siku akilihitaji sana, litamfaa? Akasema, "Halimfai, mama. Kasoro ni moja." Neno lako lile lile. Nikafurahi. Nakuandikia ukweli, nilifurahi kama mtu aliyeachiwa huru, kwamba hakuna atakayekuja kuniomba.

Alipotoka nikageukia ukutani, nikalia mpaka shuka likalowa, kwa sababu siku hiyo ikifika, hata nikitaka, sina cha kukupa.

Dada yako